Paka Tuliyemwita Bwana Shamba

Wauza mboga wa sokoni hapa Iringa wana tabia ya kukamata fungu la karoti kwa mkono mmoja na kuyasokota majani kwa mkono mwingine mpaka yakatike, kabla hujasema kama unayataka au huyataki. Juzi nilikuwa nimesimama mbele ya mama mmoja, nasubiri anifungie karoti zangu, akayasokota majani yale karibu kabisa na pua yangu. Harufu ikatoka, ile kali na mbichi, yenye kitu kama kotimiri na kitu kama udongo uliolowa. Nikamwambia, "Niachie na majani yake, mama." Akanitazama. "Una sungura?" Nikasema sina. Nikayabeba mpaka nyumbani, nikayaweka kwenye karai, sikujua niyafanyie nini. Nikakaa jikoni na ule uzito kifuani ambao nadhani watu wa rika langu kila mmoja ana wa kwake: jambo la zamani ambalo umeshaelezwa mara nyingi kwamba hukulifanya wewe, umeelewa, umekubali, na bado mwili hausikii.

Nilipokuwa mdogo tuliishi hapa hapa Iringa, Kihesa, mimi na mama na baba, katika vyumba viwili vya kupanga. Baba alikuwa dereva wa lori, na alikuwa barabarani zaidi ya alivyokuwa nyumbani. Mama alipokuwa mjamzito, miguu ilianza kumvimba mpaka viatu vikakataa kuingia. Akawa anashika ukuta akitoka chumbani kwenda uani. Kliniki wakasema hali yake ni ya kulazwa na kuangaliwa hadi siku ya kujifungua. Kwa kuwa ndugu zake wote wako Mbeya, ikaamuliwa akalazwe kule, na mimi nikakae kwa dada yake, kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa. Kwangu walisema tu, "Mama anakwenda hospitali kumchukua mtoto." Nikaelewa kwamba watoto wanatunzwa hospitali kama mizigo inavyotunzwa kwenye ofisi ya mabasi, na kwamba mama amekwenda kupanga foleni. Niliposikia wakubwa wanasema "bado, bado," niliona huruma kwamba foleni ni ndefu.

Mama mkubwa aliishi juu ya Mbalizi, mahali ambapo barabara ya vumbi inapanda kwenye baridi. Alikuwa mjane, mwanawe wa pekee alikuwa na kazi yake Tunduma, na alijitafutia riziki kwa bustani iliyokuwa bondeni chini ya nyumba, kando ya kijito. Kabichi, figili, vitunguu, na zaidi ya vyote karoti. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ambayo hakuijua ukubwa wake. Akikusalimu wewe, jirani wa ng'ambo ya bonde naye aliitikia.

Asubuhi ya kwanza aliponipeleka bustanini, umande ulikuwa mzito na ukungu umelala juu ya matuta kama mvuke wa sufuria. Juu ya gunia la samadi alikuwa amekaa paka wa rangi ya majivu, kifua cheupe, sikio moja limepasuka kwenye ncha. Hakukimbia. Alitutazama kama mtu aliyefika kazini mapema na anaona wenzake wamechelewa.

"Huyo ni Bwana Shamba," mama mkubwa alisema. "Yeye ndiye anakagua. Mimi nalima tu."

Na kweli alikagua. Mama mkubwa alipopita kwenye tuta la kwanza, paka alipita nyuma yake, hatua kwa hatua, juu juu ya tuta, bila kukanyaga mche hata mmoja. Tukiinama naye anakaa. Tukihamia tuta jingine naye anahamia. Kazi yake hasa ilikuwa fuko, wale wanyama wa chini ya ardhi wanaotafuna karoti kuanzia mizizi, ukija kushika majani unabaki na majani. Bwana Shamba alikuwa akiinamisha sikio lake zima kwenye udongo na kusikiliza, mkia unatikisika kidogo kwenye ncha, halafu kwa ghafla anachimba kwa miguu yote. Akimpata fuko anamleta na kumlaza mbele ya ndala za mama mkubwa. "Ndaga," mama mkubwa alikuwa akimwambia, yaani asante kwa Kinyakyusa, kwa heshima ile ile aliyompa mtu mzima.

Mimi nilipewa kazi ya kupunguza karoti, kung'oa zile zilizosongamana ili zilizobaki zinenepe. Ni kazi ya vidole vidogo. Nilikuwa nimechuchumaa na sweta langu la shule, pua inachuruzika kwa baridi, na paka akagundua kwamba mkono wangu ukiingia kwenye majani majani yanatikisika. Akaruka juu yake. Nikapiga kelele. Akanitazama, akarudi nyuma, akajikunja, akatikisa makalio, akaruka tena. Hatukuwa na paka Iringa, mwenye nyumba hakutaka wanyama, na sikuwa nimewahi kujua kwamba mnyama anaweza kukutania. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye tope. Toka siku hiyo akaacha kumfuata mama mkubwa, akawa ananifuata mimi.

Sijui nieleze vipi siku zile. Asubuhi nilikuwa namkuta kizingitini, akiniona anatangulia mteremkoni, akisimama kila baada ya hatua kadhaa kuhakikisha nakuja. Nikipalilia anashika upande wa pili wa jani na tunavutana. Nikimwagilia anakimbia mbele ya kopo, hataki maji, lakini hataki pia kuachwa. Jua likitoka na udongo kuanza kupata joto, nilikaa kwenye gunia kula kiazi cha kuchemsha, naye anaingia ndani ya sweta langu, kichwa kinatokea kwenye shingo chini ya kidevu changu, na kifua chake kinaanza kuvuma. Mara ya kwanza kuusikia mvumo ule nilimkimbilia mama mkubwa. "Mama mkubwa, paka anaumwa kifua!" Akaweka jembe chini kwa kucheka. "Haumwi. Amefurahi. Paka akifurahi anasaga mahindi humo ndani." Baada ya hapo nilikuwa naweka sikio langu kwenye mbavu zake kusikiliza mashine ya kusaga.

Na mama? Nilimkumbuka asubuhi nikiamka, kabla ya kufungua macho, na jioni wakati wa kula. Katikati hapo nilimsahau. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa mtoto mwenye mama mgonjwa, na sijawahi kuwa na furaha kama ile, si kabla wala baada yake.

Mama mkubwa alikwenda hospitali mjini karibu kila siku, na hotpoti la chakula limefungwa kwa kitenge. Watoto hawakuruhusiwa wodini, kwa hiyo mimi nilibaki, na mke wa jirani alikuwa akinitupia jicho. Akirudi aliniambia, "Mama yako anakusalimu sana," basi. Habari nyingine aliziweka kwa ajili ya baba. Simu yake ya kitochi ilikuwa haishiki mtandao nyumbani, ilishika bondeni tu, juu ya rundo la mawe kwenye kona ya bustani. Alipanda pale kila jioni, kiganja kimoja kimeziba sikio, na kumpigia baba aliko njiani. Kwa sauti yake ile, kusikia hakukuwa kazi.

Jioni moja nilikuwa nimelala chali kati ya matuta mawili, paka yuko juu ya tumbo langu, na majani ya karoti yametufunika pande zote. Mama mkubwa hakujua niko pale. Nilisikia akisema, "Baba Atu, usiwe na wasiwasi na mtoto. Mtoto anacheka huyo, anacheza na paka kutwa nzima." Akasikiliza. Kisha akapumua. "Ndiyo hivyo, shemeji. Anavyozidi kuchangamka huyu, ndivyo mama yake anavyozidi kudhoofika. Sijui tufanyeje."

Mtu mzima angesikia mwanamke aliyechoka akisema habari mbili kwa pumzi moja. Mimi nilisikia mizani. Pale sokoni Mbalizi nilikuwa nimewaona wanavyopima, upande huu ukipanda ule unashuka. Nikaelewa, kwa uhakika ule wa mtoto ambaye hana wa kumuuliza, kwamba furaha yangu inatoka mahali, na mahali penyewe ni kwa mama. Mimi ndiye ninayemmaliza. Na mama mkubwa anajua, na baba sasa anajua, na wanashindwa tu kuniambia.

Nikamshusha paka tumboni.

Kesho yake nilisema kichwa kinaniuma, nikakaa jikoni karibu na mafiga. Bwana Shamba alikuja kizingitini. Akangoja. Akaita, kwa sauti yake iliyokuwa nyembamba kuliko ungetegemea kwa paka wa ukubwa ule. Nikafunga mlango. Akaanza kuukwaruza kwa chini, taratibu, mguu mmoja mmoja, nami nikaziba masikio na kutazama moto. Jioni mama mkubwa alirudi kutoka mjini, akaweka hotpoti mezani, na kwa mara ya kwanza lilikuwa tupu. "Leo mama yako kala," akasema. "Kamaliza ndizi zote."

Sikuhitaji ushahidi mwingine.

Basi nikaanza kujizuia, na nilikuwa mwangalifu kama mtu anayebeba maji kwenye sahani. Nilikwenda bustanini pale tu nilipotumwa, na nilifanya kazi nimempa paka mgongo. Akija upande huu nahamia ule. Akileta mchezo wake kwenye majani, naacha mkono wangu ulale kama umekufa mpaka achoke. Siku moja alileta fuko na kumlaza mbele ya ndala zangu, zawadi ambayo hakuwahi kumpa mtu mwingine zaidi ya mama mkubwa, akakaa kusubiri. Nilimruka nikaondoka. Nilipogeuka, bado alikuwa amekaa.

"Umegombana na Bwana Shamba?" mama mkubwa akaniuliza.

"Hapana."

"Amekung'ata?"

"Hapana. Sitaki tu paka."

Akaniwekea mkono kwenye paji la uso kupima homa. Akanipikia uji wa ulezi. Kila siku akaniuliza wapi panauma, na kila siku nilisema hapaumi, na nilikuwa nikimwona akinitazama wakati anafikiri simwoni.

Halafu ikaja asubuhi ya kung'oa karoti. Mnunuzi wa Mbalizi alikuwa anazitaka mapema, na mama mkubwa alihitaji mikono yote miwili niliyokuwa nayo. Anga lilikuwa safi, ile bluu ya msimu wa baridi inayoumiza macho. Tuling'oa na kusuuza kwenye mfereji na kupanga. Karoti moja ikagoma. Niliivuta, ikagoma, nikashika majani kwa mikono miwili na kuegemea nyuma. Bwana Shamba alikuwa akitazama toka kwenye gunia, na nadhani uvumilivu ulimwishia. Akaruka, akayadaka majani, karoti ikatoka ghafla, mimi nikaanguka huku, yeye akaenda moja kwa moja mferejini. Akatoka amenywea kama soksi. Paka yule mkaguzi, mwenye heshima zake, amesimama ukingoni anatiririka maji, anatazama mfereji kana kwamba mfereji ndio uliokosea.

Nilicheka. Nilijaribu kukizuia kicheko, kikatokea puani, kikatokea machoni, nikalala kwenye tuta nikicheka kwa zile siku zote nilizokuwa nimejinyima. Mama mkubwa naye akacheka. "Afadhali," alikuwa akisema, "afadhali, mwanangu, afadhali."

Mchana, tukiwa bado tunafunga mafungu, pikipiki ilisimama juu barabarani na baba akashuka. Alitembea mteremko mzima bila kuvua kofia ngumu ya abiria. Alizungumza kwanza na mama mkubwa pembeni, na mama mkubwa akakaa chini pale pale, juu ya karoti. Kisha baba akaja kwangu, akachuchumaa.

"Mama mzima," akasema. "Sikia vizuri, Atu, mama mzima. Mtoto amezaliwa, lakini hakuwa hai. Alikuwa wa kiume."

Nilikuwa na swali moja tu. "Amezaliwa asubuhi au mchana?"

Baba akashangaa. "Asubuhi, mama. Kwa nini?"

Aliona nimeanza kutetemeka, akavua koti lake akanifunika, akidhani ni baridi.

Mtoto alizikwa pale alipozikwa babu, baba yao mama, kwenye makaburi ya familia mlimani juu ya nyumba ya mama mkubwa. Wanawake wachache walikwenda, na baba. Mimi nilibaki nimejificha kwenye kibanda cha majembe, sikutafutwa, kwa sababu wakubwa walifikiri ni vizuri zaidi nisione. Bwana Shamba alikuja akakaa mlangoni kwa nje. Nilimtupia bonge la udongo. Halikumpata. Alisogea kidogo, akakaa tena.

Mama alipotoka hospitali hakurudishwa Iringa mara moja. Waliona apumzike kwa dada yake kwanza, na baba akarudi barabarani, kwa sababu lori halikuwa lake. Nilikuwa nimemngoja mama kwa hamu zote za dunia, na bajaji ilipomshusha nilikimbilia nyuma ya nyumba. Alikuwa amekonda usoni. Alitembea kama mtu mwenye kitu ndani yake kinachoweza kumwagika. Kitenge chake kilikuwa kimelowa mbele, pande mbili, kifuani, na nilidhani amejimwagia chai. Mama mkubwa alimbadilisha, na baada ya muda kikalowa tena. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba yalikuwa maziwa.

Akiniita nilikuja, lakini nilisimama mbali. Akinikumbatia nilijifanya mti. Nilifikiri nikiwa karibu naye nikasahau, nikafurahi, nitammaliza na yeye. Yeye, kama alivyoniambia baadaye sana, alifikiri nimemchukia kwa kurudi mikono mitupu baada ya kuniahidi ndugu.

Siku zikapita hivyo, watu watatu katika nyumba moja, kila mmoja anatembea juu ya ncha za vidole. Kisha mchana mmoja wa jua mama mkubwa alimtandikia mama mkeka bustanini apate joto. Mimi nilikuwa napalilia vitunguu. Nikainua kichwa, nikaona Bwana Shamba anapita juu ya tuta, taratibu, hatua kwa hatua, anaelekea kwenye mkeka. Akamnusa mama mkono. Akapanda mapajani. Akajizungusha, akalala. Mama akaweka kiganja juu yake na nikaona mabega yake yanashuka, nikaona uso wake unaanza kulegea kuwa ule uso wake wa zamani.

"Usimshike!" nilipiga kelele. "Mama, mtupe! Mtupe!"

Nilikuwa nakimbia juu ya vitunguu. Mama alishtuka, paka akasimama.

"Kwa nini? Ana nini?"

"Utakufa! Ukifurahi utakufa, kama mtoto!"

Nilitaka kumvuta paka kwa nguvu, mama akanishika mikono yote miwili, na hapo nikamwaga kila kitu, bila mpangilio. Mtu akichangamka mwingine anadhoofika. Nilijizuia na akala ndizi. Halafu nikacheka, asubuhi, kwa sababu paka alianguka mferejini, na asubuhi hiyo hiyo mtoto akafa. Mimi ndiye niliyecheka. Nilisema, "Nilijaribu kukizuia kicheko, mama, kilitokea puani."

Mama aliniuliza kwa sauti ya chini sana, "Nani alikwambia maneno hayo?"

Mama mkubwa alikuwa amefika, jembe mkononi. Alikuwa amesikia. Niliona anakumbuka, niliona kabisa namna maneno yake yanavyomrudia moja moja, akayarudia kwa midomo bila sauti. Jembe likamponyoka. "Mungu wangu," akasema. "Ni mimi. Nilikuwa naongea na shemeji kwenye simu. Ni mimi, mdogo wangu."

Mama hakumgombeza. Alinivuta nikakaa kwenye mkeka, na akanieleza kama unavyomweleza mtu mzima. Ilikuwa presha, alisema. Ilianza tukiwa Iringa, kabla sijamjua huyu paka, kabla sijafika hapa. Na mtoto alikuwa ameacha kucheza tumboni siku moja kabla. "Ile asubuhi wewe unacheka, mimi nilikuwa nimeshajua tangu jana yake. Hukumchukulia mtu kitu chochote." Kisha akamtazama dada yake. "Dada, mwambie. Ukija wodini nilikuwa nakuuliza nini cha kwanza?"

Mama mkubwa alikuwa anafuta macho kwa khanga. "Paka kafanya nini leo."

"Paka kafanya nini leo, na Atu kafanya nini leo. Nililazwa ubavu, uso ukutani, siku nzima, nakatazwa hata kukaa. Nilikuwa nasubiri hadithi hiyo tu. Wa kitanda cha jirani walikuwa wanaijua. Nesi alikuwa anaijua." Akanishika kidevu. "Siku aliyonisimulia paka anaingia kwenye sweta lako, nilipata usingizi."

Hapo aliishia. Hakusema zile siku nilizojinyima alisimuliwa nini. Lakini nilikuwa mtoto mwenye akili ya kuhesabia makosa, nikalipata mwenyewe: kwamba kwa siku hizo zote mama alikuwa akiuliza, na mama mkubwa hakuwa na la kumwambia. Maneno yake yaliniondolea mzigo mmoja, na kabla sijanyoosha mgongo nikaokota mwingine. Huo ndio ninaoubeba mpaka leo. Sasa ni mtu mzima, najua kwamba hadithi ya paka haishushi presha ya mtu. Najua, na bado nikipata siku nzuri, nikiwa nimekaa na watu ninaowapenda na kicheko kinakuja, kuna sehemu yangu inatoka mezani kimya kimya kwenda kupiga simu, kuulizia kama wote wako salama. Nilikuja kujua kwamba sikuwa peke yangu. Mama alikuwa na ndoo za maji alizobeba akiwa ameshakatazwa. Baba alikuwa na safari moja ambayo angeweza kuikataa. Mama mkubwa hakuwahi tena kuzungumza kwa simu mbele yangu bila kwanza kuniambia anaongea na nani na kwa nini. Kila mmoja wetu alikuwa amemuua mtoto yule kwa siri yake, na kwa miaka mingi hakuna aliyemwambia mwenzie.

Bwana Shamba aliishi miaka mingi baada ya hapo, palepale bondeni. Tulikuwa tukienda likizo, ananikagua kidogo, kana kwamba anapima kama nimebadilika, kisha anatangulia mteremkoni. Hakuniwekea kinyongo kwa bonge lile la udongo. Wakati mwingine nilitamani aniwekee.

Lakini kabla hatujarudi Iringa kulikuwa na siku moja. Mama alikuwa na nguvu za kutosha kuinama, na akaomba kazi. Mama mkubwa akampa miche ya kabichi. Yeye anatoboa shimo kwa kijiti, mimi nampa mche, anaufukia, tunasogea. Tulipofika mwisho wa tuta mama akageuka kutazama kazi yake, na kule nyuma yetu Bwana Shamba alikuwa ameona matuta mapya, udongo laini uliotayarishwa vizuri kabisa, na akaelewa kwamba tumemwandalia choo. Alikuwa amechuchumaa juu ya mche wa katikati, macho yake yametazama mbali kwa utulivu mkubwa, mkia wima.

Mama alicheka. Kicheko kilimtoka ghafla, kikubwa, kikagonga mlima wa pili na kurudi. Na mara hiyo hiyo akakiziba. Mkono wake wenye udongo ulipaa ukafunika mdomo wote, na macho yake yakaruka juu ya nyumba, upande wa makaburi ya babu, kama mtu aliyekamatwa akiwa na kitu cha wizi.

Niliyajua macho yale. Ilikuwa ajabu kuyaona kwa mtu mzima. Nikavuka tuta, nikakanyaga miche miwili, nikasimama mbele yake. Nikaushika ule mkono kwa mikono yangu yote miwili, nikautoa mdomoni, kidole kwa kidole.

"Cheka tu, mama," nikamwambia.